Hatari Huja Siku za Nafuu

Nyumba yenye paka mgonjwa wa kisukari huwa macho sana siku za mwanzo, paka akiwa amekonda, anakunywa maji kutwa na kukojoa kila pembe. Siku hizo hakuna anayesahau sindano wala anayekosea kipimo. Nafuu ikishaingia, watu hulegea, na hapo ndipo mnyama huwa karibu zaidi na kifo cha ghafla kuliko alivyokuwa akiumwa. Kifo hicho hakiletwi na sukari kuzidi bali na sukari kupungua mno, na mkono unaokileta ni uleule unaompenda. Kisa kifuatacho nimekiunga kutokana na makosa yanayotokea tena na tena majumbani. Hakuna hata moja lililo la ajabu, na hiyo ndiyo sababu ya kukisimulia.

Tuichukue familia moja ya Upanga, Dar es Salaam. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, majirani humwita Bibi Mwalimu. Anaishi na binti yake mwenye kazi ya kuajiriwa mjini, mjukuu wa kiume aliye darasa la sita, na dada anayesaidia kazi za nyumbani. Paka wao anaitwa Pamba: dume, mweupe, amehasiwa, ana miaka kumi na uzito wa kilo 7, wakati umbo lake lilitosha kilo 4 na nusu au 5. Alikuwa akila walichokula wenzake: asubuhi ugali uliochanganywa na dagaa, jioni wali uliolowa mchuzi, na katikati ya hapo bakuli la chakula kikavu cha dukani ambalo halikuachwa likae tupu.

Kwa maumbile paka ni mla nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake si jepesi kuishughulikia sukari inayoingia nyingi kwa mkupuo. Si kwamba kila paka anayekula ugali atapata kisukari. Wako wengi mitaani wanaokula hivyo na kuzeeka salama, maana wanashinda wakiwinda panya na kuparamia kuta. Ila paka dume aliyehasiwa, aliyeanza kuzeeka, mnene, anayelala kutwa ndani ya fleti, ndiye ambaye ugonjwa huu humwandama zaidi. Unene huufanya mwili usiitikie insulini. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, mwisho huchoka. Dawa za steroidi, ambazo Pamba alishawahi kuchomwa kwa sababu ya ngozi iliyokuwa ikimwasha, husukuma upande huohuo.

Aliyegundua kwanza alikuwa dada. Kila asubuhi alikuta mchanga wa choo cha paka umeshikana mabonge makubwa, na pembeni, pale mkojo uliporukia kwenye vigae, msururu wa sisimizi. Alipiga deki, kesho yake sisimizi wakarudi palepale. Kisha Pamba akaanza kunywa maji ya ndoo ya bafuni, akawa anakula sana na bado mgongo unachongoka, akashindwa kurukia kochi. Miguu yake ya nyuma ililala: badala ya kukanyaga kwa vidole kama paka wote, alikanyaga kwa kisigino chote. Huko ni kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Sisimizi nao walikuwa na sababu yao. Sukari ya damu ya paka ikipita milimoli 15 hivi kwa lita, figo hushindwa kuirudisha mwilini, humwagikia kwenye mkojo na kuyavuta maji pamoja nayo.

Daktari wa mifugo alipima akakuta 23, wakati paka mzima huwa kati ya 4 na 8 hivi. Hakukimbilia dawa. Paka akiogopa, sukari yake inaweza kupanda sana kwa muda hata kama hana ugonjwa, na kliniki yenye mbwa wanaobweka inatosha kumwogopesha. Kwa hiyo alipima na mkojo, akaagiza kipimo cha fruktosamini, ambacho huonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa wiki mbili tatu zilizopita. Ugonjwa ulipothibitika, alimwandikia insulini aina ya glargini, ileile wanayotumia binadamu: yuniti 1 kila baada ya saa kumi na mbili.

“Mwalimu,” alimwambia, “kwanza anakula, ndipo anachomwa. Asipokula, nipigie kabla hujagusa sindano.”

Bibi Mwalimu alijifunza vizuri. Saa moja asubuhi na saa moja jioni alimwekea Pamba chakula, akasubiri aanze kula, akainua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili, akaipitisha sindano chini ya mkunjo ule. Alinunua mashine ya kupimia sukari. Kabla ya kupima aliupasha joto ukingo wa sikio kwa kitambaa kilichoshikizwa kwenye chupa ya maji moto, akaweka pamba safi nyuma ya sikio ili asijitoboe kidole, kisha akatoboa pembeni kidogo ya mshipa ule mwembamba unaopita ukingoni. Tone dogo likatokea, akaligusisha na kijiti cha mashine, akaandika namba kwenye daftari. Daktari aliyasoma maandishi yale na kupandisha dawa polepole mpaka yuniti 2.

Baada ya wiki chache Pamba alikuwa paka mwingine. Maji ya ndoo aliyaacha, sisimizi walitoweka, miguu ilisimama, kochi alilirukia tena. Nyumba nzima ilifurahi. Kupima asubuhi kukawa mara mojamoja, kisha kukaachwa, kwani mgonjwa si amepona? Daftari likahamia kabatini.

Ndipo mambo matatu yakafuatana, na kila moja peke yake lilionekana jema au dogo.

La kwanza lilikuwa chakula. Daktari alishawaambia kwamba ugali, wali na chakula kikavu vipunguzwe polepole, na waje na vipimo wakati wa kubadili. Binti, kwa mapenzi, alivifuta vyote siku moja akaweka samaki na kuku waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kwa paka mwenye kisukari lishe yenye wanga kidogo ni nzuri sana, na ndiyo maana ilikuwa na nguvu: wanga ulipokatika, sukari iliyokuwa ikisubiriwa na zile yuniti 2 haikuwapo tena. Daktari hakuambiwa.

La pili lilikuwa msiba. Bibi Mwalimu alifiwa na dada yake Morogoro, akaondoka kwa haraka. Usiku akiwa msibani alimpigia dada wa kazi: “Mwanangu, usisahau sindano ya Pamba saa moja.” Hakujua kwamba binti yake naye alikuwa ameshaamua moyoni kulichukua jukumu hilo.

La tatu Pamba alilifanya mwenyewe. Usiku ule alitapika bonge la manyoya, na asubuhi alinusa samaki, akala kidogo, akaondoka.

Saa moja kasorobo binti alimchoma yuniti 2, akawahi kazini. Saa moja na nusu dada alimaliza kufua, akakumbuka maagizo, akamchoma yuniti 2. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alitimiza wajibu wake kwa uaminifu, na kwa uaminifu huo Pamba alipewa dawa maradufu, tumbo likiwa nusu tupu, katika mwili ambao kwa lishe mpya huenda ulihitaji hata chini ya yuniti 1. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Glargini haishuki kwa kishindo. Hufanya kazi polepole kwa saa nyingi, kwa hiyo asubuhi ilipita kimya. Saa tano Pamba aliingia uvunguni mwa kitanda, wakadhani anatafuta ubaridi. Saa nane mjukuu alirudi shule, akamwita, naye akatoka akiyumba, macho yamemtoka, mboni zimepanuka, akagonga mguu wa meza kana kwamba hakuuona. Mtoto akapiga simu Morogoro.

“Shikamoo bibi. Pamba anayumba.”

“Marahaba mjukuu wangu. Amekula?”

“Asubuhi kidogo tu. Na dada anasema amemchoma, na mama naye alimchoma.”

Bibi Mwalimu hakupoteza muda kuuliza nani kakosea. Aliagiza Pamba awekewe chakula mbele ya pua mara moja. Pamba hakukitazama. “Basi chukua asali. Paka kwenye fizi, ndani ya shavu, kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni. Dada atafute bajaji.”

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui: paka haonji utamu. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa jeni moja inayohitajika kuunda kionjo cha utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani, na pia kwa duma na chui milia. Kwa hiyo kumwekea asali kwenye kisahani na kungoja ailambe kwa hamu ni kupoteza dakika ambazo hana. Inabidi ipakwe. Na haimiminwi, kwa sababu paka aliyelegea hawezi kumeza vizuri. Kinachomiminwa huingia mapafuni. Tena mpakaji aangalie vidole vyake, maana degedege likimpanda meno hujifunga bila yeye kutaka.

Nalo lilimpanda, ndani ya bajaji, Barabara ya Umoja wa Mataifa. Dada alimzungushia taulo, akamlaza ubavu, akaacha kumpaka mpaka mtikisiko ulipotulia, akaendelea. Mashine ya kliniki ilisoma 1.4. Daktari alimwekea glukosi moja kwa moja kwenye mshipa, kisha akamtundikia dripu, na hakumruhusu kurudi nyumbani hata alipoinua kichwa. Asali huisha kwa dakika. Insulini ile ilikuwa bado na saa nyingi za kufanya kazi. Paka aliyezinduka kwa asali na kurudishwa kulala nyumbani anaweza kuanguka tena usiku.

Pamba alipona. Siku mbili za mwanzo alikuwa haoni, akitembea huku ubavu wake ukiugusa ukuta. Ubongo huishi kwa sukari na hauna ghala yake. Ukinyimwa hata kwa muda mfupi, huanza kuumia. Kwake macho yalirudi. Kuna ambao hayarudi, na kuna wasiorudi wenyewe.

Bibi Mwalimu alipotoka msibani, daktari alimkalisha na daftari lake lililokuwa limekatika katikati. Alimwonyesha kitu ambacho furaha ilikuwa imekificha. Vipimo vya mwisho kuandikwa vilikuwa 9, 7, kisha 6. Vilikuwa vinashuka. Kwa paka, tofauti na wagonjwa wengi wa kibinadamu, kongosho likipumzishwa mapema kwa insulini na lishe isiyo na wanga mwingi, mara nyingi huamka na kuanza tena kutoa insulini yake. Baadhi hufika mahali hawahitaji sindano kabisa, kwa miezi au miaka. Ndiko Pamba alikokuwa anaelekea. Angeendelea kuchomwa yuniti zilezile 2 bila kupimwa, hata na mtu mmoja asiyekosea saa, bado siku ya kuanguka ingefika. Kuchomwa mara mbili kuliiharakisha tu.

Hilo ndilo funzo la kisa hiki, na mengine yote yanatokana nalo. Kipimo cha insulini hakiandikwi mara moja kikawa sheria. Kinamfuata paka, na paka hubadilika. Akipungua unene, akibadilishiwa chakula, akimaliza dawa za steroidi, akitibiwa jino lililooza, mahitaji yake hushuka. Kila habari njema ya afya yake ni sababu ya kupima upya.

Hatari hii ni ya zamani sawa na dawa yenyewe. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 akachomwa kwa mara ya kwanza mvulana aliyekuwa anakufa kwa kisukari. Majira hayohayo James Collip, mwanakemia aliyekuwa akiisafisha, aliona sungura waliochomwa dawa hiyo wakishikwa na degedege, na akaona glukosi ikiwazindua. Yuniti ile tunayoihesabu kwenye bomba la sindano hapo mwanzo ilipimwa kwa sungura: kiasi kinachoshusha sukari ya sungura mwenye njaa mpaka kiwango ambacho degedege huanzia. Anayeshika bomba hilo akumbuke kwamba yuniti 1 si kitu kidogo kwa mnyama wa kilo 5.

Sasa tuirudie siku ile ya Upanga na kutazama wapi ingeweza kuzuiwa.

Daftari lingekuwa limening'inia kwenye mlango wa friji, si kabatini. Anayechoma anaandika papo hapo: saa, namba ya sukari, kala kiasi gani, yuniti ngapi, na jina lake. Anayefuata anasoma kabla hajafungua friji. Nyumba yenye watu wengi imteue mchomaji mmoja, na akisafiri amkabidhi mtu mmoja, wengine wote wakisikia.

Pamba angepimwa kabla ya sindano. Ikisoma chini ya 3.5, hachomwi, analishwa, na daktari anapigiwa. Ikiwa juu ya hapo lakini chini kuliko kawaida yake, daktari aulizwe kwanza, maana yeye ndiye humwekea kila paka mpaka wake wa kuchoma na kutochoma. Mashine za binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kwa paka, basi tumia mashine ileile kila siku ili namba zilinganishwe, na namba ya chini usiipuuze kwa kisingizio hicho.

Kutapika na kula kidogo kungetosha kuisimamisha sindano mpaka daktari aulizwe. Na kama dada angekuwa na shaka kwamba huenda Pamba ameshachomwa, jibu lingekuwa moja: usichome. Sindano ikichomwa nusu, nyingine ikamwagika kwenye manyoya, usiongeze. Iliyosahaulika haifidiwi kwa kuchoma mbili jioni. Sukari ikibaki juu kwa siku moja, paka atakunywa maji mengi. Ikishuka mno kwa saa moja, anaweza kufa. Tukishindwa kujua, tuchague lile linalorekebishika.

Hofu nayo isizae kosa jingine. Kuacha insulini kwa siku nyingi kwa kuogopa kisa kama hiki ni kumrudisha paka kwenye kukonda, na baadaye kwenye sumu ya ketoni, ambapo huacha kula, hutapika, hulegea. Paka wa namna hiyo anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Bomba la sindano nalo ni jambo la kuliangalia kwa macho mawili. Ziko insulini zenye yuniti 100 kwa kila mililita, na ziko za wanyama zenye yuniti 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, kila yuniti unayoiona kwenye mstari ni mbili na nusu. Mabomba yakiisha, usipokee mengine kabla hujasoma namba yake. Na kama nyumbani kuna mtu mwenye kisukari, dawa zake zikae rafu yake; vidonge vyake si vya paka.

Chupa ya glargini ikae kwenye friji, si kwenye barafu, kati ya nyuzi 2 na 8, isitikiswe. Ni dawa angavu. Ikionekana na ukungu itupwe. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe ovyo. Na karibu na friji hiyo pawe na kichupa cha asali au glukosi ya unga ya kukoroga, kisichoguswa kwa chai ya mtu yeyote, pamoja na namba ya simu ya daktari na ya kliniki inayopokea usiku.

Mwisho, kila aliye ndani ya nyumba, mtoto na dada wakiwamo, afundishwe dalili za kwanza: njaa ya ghafla au kukataa chakula, kujificha, kutetemeka, kuyumba, mboni kupanuka, kulia ovyo. Wengine hawaonyeshi kitu mpaka wanapoanguka. Pamba aliokolewa na mtoto wa darasa la sita aliyejua kupiga simu na mfanyakazi wa ndani aliyejua kushika taulo, na angeokolewa mapema zaidi kama wote wawili wangefundishwa kile alichofundishwa Bibi Mwalimu peke yake. Elimu ya sindano isikae kwa mtu mmoja, ijapokuwa sindano yenyewe ishikwe na mmoja.

Kama paka wako ana kisukari na wiki hizi anaonekana kupona, furahi, kwani ni matunda ya kazi yako. Halafu mpime kesho asubuhi kabla ya kumchoma, hata kama ulishaacha, na umpelekee daktari namba hizo kabla haijafika siku ambayo dawa ileile iliyompa nafuu imekuwa nyingi kuliko anavyohitaji.